Je, Wajua? Wahitimu Wanaoagwa Kabla ya Kumaliza

Je, wajua kwamba kidato cha nne nchini Tanzania huagwa kabla hakijamaliza shule? Mahafali hufanyika Septemba na Oktoba, na mtihani wa taifa huanza Novemba. Wenzao wa kidato cha sita nao huagwa mapema, ilhali pepa ya kwanza wanaikuta Mei. Mgeni akifika siku hiyo akaona keki inakatwa, shangazi wanapiga vigelegele na mama anamvika mwanawe taji la makaratasi yanayometameta, atadhani kazi imekwisha. Kumbe Jumatatu asubuhi wote wamo darasani, wanapiga msuli.

Sababu yake ni ya kawaida tu. Siku ya pepa ya mwisho hakuna anayesubiri hotuba. Wa bweni wameshafunga matranka na wanawahi basi. Isitoshe, darasa halimalizi mtihani kwa pamoja: wa sanaa wana siku yao ya mwisho, wa sayansi wana yao. Ukitaka kuliona darasa zima limekaa chini ya turubai moja, lazima uliwahi.

Naipenda sana ratiba hii. Siku ya mahafali bado hakuna aliyepata wani wala ziro, yaani daraja la kwanza wala sifuri. Wanapoitazama miaka yao minne, wanaitazama wakiwa sawa. Yule aliyekuwa akiongoza kila muhula na yule aliyekuwa akisinzia prepo wanacheza muziki uleule, na kumbukumbu zao za makande ya bwalo, za unjuka wa kidato cha kwanza na za matroni mkali hazijapangwa kwa madaraja.

Je, wajua habari nzito kuliko zote katika mahafali inasomwa wapi? Si kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Imo ndani ya risala ya wahitimu. Risala hizi zinafanana karibu kila shule: salamu kwa mgeni rasmi, historia fupi ya darasa, mafanikio, changamoto, kisha maombi, ambayo mara nyingi ni walimu wa sayansi, maji, maabara au uzio. Lakini katika ile historia fupi kuna sentensi mbili tatu ambazo msomaji huzipita haraka: tulianza kidato cha kwanza tukiwa wangapi, wavulana wangapi, wasichana wangapi, na leo tunahitimu wangapi. Kisha inafuata orodha ya sababu za upungufu: utoro, uhamisho, maradhi, vifo, mimba, na waliokariri kidato cha pili.

Kwa meza kuu hizo ni takwimu. Ukikaa kwenye safu za wahitimu wenyewe, utawasikia wakitajiana majina kwa sauti ya chini. Huyu alihamia kwa baba yake mkoa mwingine. Yule yuko mgodini. Yule alikuwa anakaa dawati la dirishani, akaacha shule mwaka wa pili baada ya mama yake kufariki. Darasa linajua kila tarakimu ni nani. Natamani shule zetu zingeruhusu majina hayo yasomwe hadharani pamoja na ya waliofika, angalau ya wale ambao familia zao zimeridhia.

Kuna tarakimu moja iliyoanza kubadilika. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba katika shule ya serikali hakurudi tena darasani, na risala ilimtaja kwa neno hilo moja tu. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha masomo kwa sababu hiyo ataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Kwa hiyo siku hizi anaweza kuwapo mhitimu aliyeanza na darasa moja na kuagwa na lingine. Akisimama kupokea cheti chake cha kuhitimu, apigiwe makofi mara mbili.

Je, wajua kwamba kwenye mtihani wa taifa pointi zikiwa chache ndiyo heri? Kwa kidato cha nne A ni pointi 1, F ni 5, na huhesabiwa masomo 7 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Ndiyo maana vijana husema “wani ya saba” kumaanisha A tupu. Daraja la kwanza huishia pointi 17. Ukifika 34 umeangukia sifuri. Kidato cha sita huhesabiwa masomo 3 ya tahasusi, hivyo kilele chao ni “wani ya tatu”.

Namba ya mtihani nayo ina siri zake. Ya mtahiniwa wa shule huanza na S, ya wa kujitegemea huanza na P. Watu wazima wengi wamesahau namba yao ya kwanza ya simu, lakini hii bado wanaikumbuka kwa kichwa.

Je, wajua kwamba zamani mtihani wa kumaliza sekondari haukuwa wetu? Ulikuwa wa Cambridge, na karatasi za majibu zilivuka bahari kwenda kusahihishwa Uingereza. Baadaye Tanzania, Kenya na Uganda zikaunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Bunge likatunga sheria iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA.

Darasa lililotikiswa kuliko mengine katika historia ya baraza hilo ni la kidato cha nne la 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi nzima ilipigwa na butwaa. Waziri Mkuu aliunda tume, Serikali ikayafuta matokeo yale, na Mei mwaka huohuo yakatoka mapya baada ya kurejea utaratibu wa zamani wa kupanga alama. Kwa hiyo kuna Watanzania waliotangaziwa matokeo ya mtihani mmoja mara mbili. Ukikutana nao leo wakikumbushana shule, hawaanzi na walimu wala mechi za mabweni. Wanaanza na ile miezi mitatu ya kukaa nyumbani mtu akiitwa aliyefeli.

Darasa la 2019 lina sifa yake ya furaha. Walioingia kidato cha kwanza Januari 2016 ndio wa kwanza kusoma miaka yote minne bila ada katika shule za serikali. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa ya bweni. Kidato cha tano na cha sita walifuata mwaka 2022. Na kidato cha sita cha 2020, baada ya shule kufungwa Machi kwa sababu ya korona, kilirudi tarehe 1 Juni na kuanza mtihani tarehe 29 mwezi huohuo.

Je, wajua kwamba kuna wakati kumaliza kidato cha sita hakukumpeleka mtu moja kwa moja chuo kikuu, hata akiwa na alama nzuri? Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mhitimu kwanza afanye kazi, kisha apate mapendekezo ya kazini na ya tawi la chama. Nayo Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, liliwapokea wahitimu kwa mujibu wa sheria hadi utaratibu uliposimama mwaka 1994, ukarudi 2013. Ndiyo maana baba na binti wanaweza leo kulinganisha habari za ukuruta, kwata na maafande, huku mjomba aliyemaliza miaka ya katikati akikosa la kuchangia.

Kwa majirani zetu Kenya, mwaka 1989 madarasa mawili yalimaliza kwa mpigo: la kwanza la KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, chini ya mfumo wa 8-4-4, na la mwisho la kidato cha sita cha mfumo wa zamani. Yote mawili yakagombea nafasi za vyuo vikuu vilevile. Sasa 8-4-4 yenyewe inaondoka. Walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 hawakupata mamono, yaani wanafunzi wageni, wa kuwatuma mwaka 2025, kwa kuwa hakukuwa na kidato cha kwanza kipya. Wao ndio wamepangiwa kufanya KCSE ya mwisho, mwaka 2027.