Unga mweupe kwenye sabuni: upi wa kupangusa, upi wa kukataa

WATENGENEZAJI wadogo wa sabuni za kuogea kwa njia ya baridi, yaani zile zisizopikwa jikoni, wanaijua hasara hii. Sabuni imekauka vizuri na inatoa povu, lakini mnunuzi wa jumla anaona unga mweupe juu ya kipande na kukata bei, au anauacha mzigo wote.

Unga huo hauna madhara. Ni wa jamii moja na magadi: kostiki soda ambayo bado haijaungana na mafuta hukutana na hewa ya ukaa, na utando huota juu ya sabuni, hasa katika siku za mwanzo. Kufunika kalibu kwa nailoni na blanketi kwa saa 24, kupunguza maji kidogo na kumimina rojo likiwa zito husaidia sana. Ukishatokea, hupanguswa kwa kitambaa chenye maji au hukwanguliwa kwa kisu. Bei haina sababu ya kushuka.

Weupe wa namna ya pili ni jambo jingine kabisa. Mabonge meupe ndani ya kipande, yanayopukutika au kutoa majimaji yakikatwa, huenda ni kostiki isiyochanganyika. Kidole chenye maji kikisuguliwa hapo na kugusishwa ncha ya ulimi, huchoma kama shoti ya umeme. Sabuni hiyo haipunguzwi bei. Inarudishwa kwa mwenyewe.

Kostiki hubaki pia pale bei ya mafuta ya nazi inapopanda na mtengenezaji akahamia mawese bila kubadili kipimo. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki ili yaungane yote. Mawese gramu 141 tu. Wengi hupunguza asilimia 5 kwa usalama, hivyo nazi hupata gramu 174. Kipimo hichohicho kikitiwa kwenye kilo 1 ya mawese, gramu 33 hivi hukosa mafuta ya kuungana nayo. Unafuu wa bei ya mafuta unaishia kwenye mzigo usiouzika, na anayepima kwa kikombe badala ya mizani hata hatajua kosa liko wapi.

Madoa ya rangi ya chungwa hutokana na mafuta yaliyoanza kuharibika: mafuta ya zamani, maji yenye chuma, au sabuni iliyoanikwa kwenye wavu wenye kutu. Bado inaosha, ila harufu yake huzidi kuwa mbaya rafuni. Mwenye duka asiweke akiba ya sabuni hiyo, hata akipewa kwa bei ya kutupa.

Ukanda wa pwani una kero zake. Gliserini iliyomo ndani ya sabuni huvuta unyevu wa hewa na kipande hutoka jasho. Hupanguswa, kikawekwa penye upepo. Mafuta ya karafuu nayo, yanayopendwa na wanunuzi wa zawadi, hugandisha rojo ghafla na kuacha mashimo na mabonge. Hutiwa mwisho, kidogo kidogo, kalibu likiwa tayari mezani.

Muda wa kukausha ni wiki 4 hadi 6. Mnunuzi anayeletewa sabuni ya wiki 2 ajue kwamba sehemu ya uzito anaoulipia ni maji.