Hesabu ya nani aliweza kutumikia ku nyumba

Ku Washington, Marekani, kuko nyumba moja ya wasomi wa uchumi, Economic Policy Institute. Ilianza 1986, na sendika za kule zinatia franga mule. Siye wa sendika tunaelewa sababu: mutu wa kazi bila hesabu mu mikono, patron anamushinda kwa maneno.

Mwezi wa tatu 2020, korona ilipofika, wakubwa walisema kila mutu atumikie ku nyumba. Na ule wa kuendesha bisi, ataingiza bisi mu salon? Wasomi wale walichukua hesabu za serikali yenyewe, wakapima nani anaweza. Wazungu: karibu 30 juu ya 100. Weusi: hawafiki 20. Walatino: 16 tu.

Kisha serikali iliongeza dola 600 kila juma kwa waliopoteza kazi. Wengine wakalalamika: ile franga inaleta uvivu! Wasomi wakajibu: mutu akiipata, analipa nyumba, ananunua chakula, na muuzaji naye anabakia na kazi. Kuiendeleza mpaka katikati ya 2021 kungesaidia kazi karibu milioni 5. Hawakusikiwa. Mwisho wa mwezi wa saba, dola 600 zilikatwa.

Huku Katanga, shimo halichimbwe mu salon. Mwaka ule baba wengi walifungiwa ku mine, mbali na bibi na watoto. Siku ngapi? Kwa mushahara gani? Mwenye kuchunga karatasi zake za mushahara za 2020 asizitupe, azionyeshe delege wake.