Yao Ming: Si Urefu Tu, Wasee

Bonga story ya Yao Ming mtaani, kitu ya kwanza utaskia ni urefu. Mita 2.29, story imeisha. Hiyo hunikera aki, juu urefu pekee haiwezi kukupea wastani wa pointi 19 kila mechi NBA, na hivyo ndio jamaa alimaliza career yake.

Ni boi wa Shanghai, mtoi wa 1980, budake na mathake wote walikuwa wanadunda basket. 2002 Houston Rockets wakamchukua namba moja kwa drafti. Game ya kwanza, na Indiana Pacers, akatoka sufuri. Mahata wakachangamka sana. Wiki tatu hazikuisha kabla anyoroshe Lakers: shuti tisa, zote tisa ndani, pointi 20.

Lakini hiyo siku Shaq, senta wa Lakers, hakuwa uwanjani. Alikam Januari 2003, yule mnyama hakuna mtu alikuwa anamsimamisha, na alikuwa ashabonga mambo ya kudharau Wachina. Yao hakujibu kwa matusi, alisema tu Kichina ni lugha ngumu kusoma. Halafu game ikaanza akamkatia shuti mapema tu, watu wakapagawa. Shaq alipata pointi 31, hiyo lazima mtu akubali. Ikaenda hadi dakika za nyongeza, zikiwa zimebaki kama sekunde kumi Yao akadunki, Houston wakabeba 108-104. Heshima ikapatikana hapo, na haikuombwa.

Sasa, wenye hudai alikuwa mlaini juu ya majeraha hawana rada. Msimu ukimada wenzake walikuwa wanaenda kupumzika, yeye anaishia China kuchezea timu ya taifa. Mwili gani itahimili hiyo kazi, tena ya msee mkubwa hivyo? Februari 2008 mguu wa kushoto ukapata ufa, akapasuliwa, na Agosti ako Olimpiki ya Beijing amebeba bendera ya China. Game na Marekani, kikapu ya kwanza ni yake, tena ya pointi tatu!

Mei 2009 ndio ilinimaliza kabisa. Playoffs, Lakers tena. Anagongana goti na Kobe, staa wa Lakers, anapelekwa ndani, anafika kwa korido anakataa kuendelea, anarudi uwanjani. Pointi 28, Houston 100-92. Game ya tatu ya hiyo series, mguu ukavunjika. Msimu mzima uliofuata hakucheza. Akarudi akapiga game tano pekee, na Julai 2011 akaachana na basket akiwa na miaka 30.

Hall of Fame ilimfungulia mlango 2016, na ilikuwa haki yake. Kabla ya hapo, 2012, alikam Kenya na WildAid, shirika la kulinda wanyama pori, akafika Samburu akaonyeshwa mizoga ya ndovu waliouliwa juu ya pembe. Hakuishia kupiga picha. Alirudi kwao akawashow wasee wa China live: wacheni kununua.