Mtoto amepata degedege bila homa, daktari anasema 'hatujui'

Mama mmoja anayeuza chakula Mbagala, jijini Dar es Salaam, alinisimulia habari hii akiwa amempakata mwanawe wa mwaka mmoja na miezi 10. Muda wote wa mazungumzo mtoto alikuwa akivuta kamba ya kitambulisho changu.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Hakuwa na homa wala mafua, na mchana alikula wali na maharage kama kawaida. Ghafla kelele za mfuniko zikakatika. Mama alipogeuka akamkuta macho yamepinduka, mwili umekakamaa kama ubao. Kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka, povu likamtoka mdomoni, akajikojolea.

"Nilijua ameshakufa," aliniambia. "Namwita jina lake, hasikii."

Majirani wakajaa. Mmoja alileta kijiko cha kumtenganishia meno. Mwingine akakata kitunguu amnusishe. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema asipelekwe hospitali kwa sababu mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Mama hakumsikiliza mtu, alimbeba akakimbilia bajaji.

Walipofika kituo cha afya mtoto alikuwa amelegea, amelala fofofo. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Sukari kwenye damu ilikuwa sawa, joto la mwili la kawaida, shingo haikukaza. Walilazwa usiku mmoja, asubuhi mtoto akaamka anadai chai. Daktari akamwambia: "Mama, kwa sasa hatujui sababu."

Neno hilo lilimkosesha usingizi kuliko hata lile povu. Malaria angeielewa, inatibiwa na dawa yake inafahamika. Lakini "hatujui" alikuwa anarudi nayo nyumbani kwa nani?

Watoto wengi wanaopata degedege huwa na homa. Kati ya umri wa miezi 6 na miaka 5, ubongo wa baadhi ya watoto hushindwa kuvumilia joto linapopanda, hata kama chanzo ni mafua tu. Huku kwetu hatuishii kwenye mafua. Lazima tutafute malaria kali na homa ya uti wa mgongo, maana zote huanza hivyohivyo na zote huua haraka. Kukiwa hakuna homa, tunauliza mengine. Je, sukari imeshuka? Alianguka akagonga kichwa? Alimeza vidonge vya bibi au kitu kingine chenye sumu? Alipozaliwa alichelewa kulia? Au alikuwa analia kwa hasira akakata pumzi hadi akazimia, jambo ambalo linafanana na degedege lakini si degedege?

Yote hayo yakijibiwa "hapana", na mtoto akaamka anacheza kama zamani, daktari mkweli atasema hajui. Maana yake si kwamba hakuna alichofanya. Maana yake ni kwamba yale yanayoua usiku huohuo ameyatafuta na hakuyakuta.

Swali la pili ndilo gumu: je, ni kifafa? Tukio moja peke yake kwa kawaida halitoshi kumpa mtoto jina hilo. Tunasema kifafa pale degedege linapotokea bila sababu mara mbili au zaidi, matukio yakiwa yamepishana kwa zaidi ya saa 24, au pale vipimo vinapoonyesha uwezekano mkubwa wa kurudi. Takriban nusu ya watoto waliopata tukio moja lisilo na sababu hawapati jingine. Kwa wale linaowarudia, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Kipimo cha umeme wa ubongo, kinachofanyika katika baadhi ya hospitali kubwa, husaidia kukisia, lakini kinaweza kutoka safi kwa mtoto mwenye kifafa. Ndiyo maana mara nyingi hatuanzi dawa baada ya tukio la kwanza. Na tafadhali, usiazime vidonge vya mtoto wa jirani mwenye kifafa "vya kumkinga" wako.

Nilimuuliza mama degedege lilichukua muda gani. Akasema dakika 15. Jirani aliyekuwa naye akasema robo saa haikufika, pengine 10. Kisha jirani akakumbuka jambo: lilipoanza, muadhini ndiyo kwanza alikuwa anaanza adhana ya magharibi, na adhana ilipokwisha mtoto alikuwa ameshalegea. Adhana huchukua dakika tatu hivi.

Simlaumu. Hofu huivuta dakika moja ikawa saa. Lakini kwa daktari, dakika 3 na dakika 15 ni wagonjwa wawili tofauti. Degedege nyingi huisha zenyewe kabla ya dakika 5. Linalopita hapo linahitaji dawa ya kulikata, na kila dakika inayoongezeka ni hatari kwa ubongo. Likirudi kabla mtoto hajapata fahamu, nayo ni dharura ileile.

Kwa hiyo kazi ya mzazi wakati ule ni kutazama. Mlaze mtoto kwa ubavu chini, sehemu laini, ili mate na matapishi yatoke nje. Sogeza jiko, meza, chochote anachoweza kujigonga. Legeza nguo shingoni. Tazama saa. Kama kuna mtu wa pili mwenye simu, arekodi: sekunde 20 za video hunieleza kuliko nusu saa ya maswali. Je, ulianza upande mmoja wa mwili au pande zote? Macho yalielekea wapi? Usimkandamize. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Nimeshaona meno yaliyong'oka kwa sababu ya kijiko. Mate yake hayaambukizi, usiogope kumshika. Na hata likiisha lenyewe, tukio la kwanza siku zote ni la kupelekwa hospitali.

Kuhusu yule mzee wa sindano, nadhani imani ile ina historia. Wazazi waliotangulia walianza na mafusho na mganga, mtoto akafikishwa hospitali siku ya pili akiwa mahututi, akachomwa sindano, akafariki. Sindano ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuonekana. Ukimweleza mzee hivyo kwa heshima, anaelewa kuliko ukimwambia ni mjinga.

Nyumbani kulikuwa na vita nyingine. Mama mkwe aliuliza kama ukoo wa mama una kifafa. Baba wa mtoto alinyamaza tu, akawa anarudi usiku. Mama mwenyewe alikuwa analala mkono wake ukiwa kifuani kwa mtoto, akahamia naye kitanda kimoja, na kwa wiki tatu hakwenda kuuza chakula.

Nilimshauri waje kliniki wote watatu, yeye, mumewe na bibi. Walikuja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali la maana kuliko yote ya siku ile: "Sasa nikiwa naye peke yangu, nifanye nini?" Tukafanya mazoezi ya kumlaza mtoto kwa ubavu pale sakafuni, na mtoto akadhani ni mchezo. Baba alikiri kwamba alikuwa akichelewa makusudi kwa sababu anaogopa kuliona likitokea mbele yake. Mkewe hakuwa anajua.

Tulikubaliana machache. Mtoto asiachwe peke yake kwenye beseni la kuogea wala karibu na ndoo ya maji. Asicheze penye jiko la mkaa, jambo ambalo kwa mama lishe si rahisi, kwa hiyo asubuhi anabaki na bibi. Chanjo zinaendelea. Achezeshwe na wenzake, aachwe akimbie. Na mama awe na daftari la kuandika tarehe, saa na alichokiona.

Jumatano hii wanarudi kliniki, miezi miwili tangu siku ile. Amenipigia kusema daftari lina kurasa mbili tu zilizoandikwa. Ya kwanza ni ile Jumamosi. Ya pili ni usiku ambao mtoto alipiga chafya, na yeye, mumewe na bibi wakakutana kitandani kwake wote watatu, baba akiwa ameshika saa.