Indiketa za Lori Mzee Zinablinki Vile Zinataka? Hakuna Jini Hapo, Anza na Athi

Cheki hii picha. Ni saa kumi jioni na mvua ya Kakamega imeanza, kama kawaida yake. Canter ya kitambo imejaa mchanga, inatoka Khayega ikielekea tao. Dere anataka kukata kulia. Anapiga indiketa, mshale kwa dashi unablinki mbio mbio, tikitikitiki, lakini hiyo speedi ameizoea. Kwa akili yake, ashaonyesha watu. Kumbe huko nyuma balbu imelala. Boda yenye imebeba watu wawili inaona lori imepunguza mwendo, inadhani imepewa njia, inaovateki upande wa kulia.

Hiyo stori sihitaji kukumalizia. Kama unaishi karibu na hii barabara ya A1, kutoka Chavakali hadi Webuye, unajua vile huisha.

Noma ni kwamba wasee wengi wenye lori mzee huona indiketa ni kitu ya kungoja. Injini ikikohoa, fundi anaitwa saa hiyo hiyo. Indiketa ikikufa, dere anatoa mkono kwa dirisha, ama tanboi anatoa kichwa na kupiga nduru. Na wakiamua kutengeneza, wananunua flasha mpya, wananunua swichi mpya, doo inaisha, alafu mvua ikinyesha tena shida iko pale pale. Hapo ndipo utasikia, "hii gari iko na jini."

Haina jini. Stima ya gari hufuata sheria, na ukizijua hizo sheria unaweza kushika shida nyingi kabla utoe hata soo.

Volti ngapi?

Kabla ununue chochote, jua gari yako ni ya volti ngapi. Lori nyingi za Kijapani tunazoona hapa, kama Canter na Isuzu NKR, ziko na betri mbili za volti 12 zimeunganishwa moja baada ya nyingine, zinatoa 24. Pikapu kama Hilux inatumia 12. Kwa balbu yenyewe imeandikwa pale kwa chuma ya chini. Ya indiketa mara nyingi itakuwa 24V 21W ama 12V 21W.

Ukiweka balbu ya 12 kwa lori ya 24, inawaka kali sana kidogo tu, alafu inakufa. Ukiweka ya 24 kwa pikapu ya 12, inawaka kama mshumaa. Kama kila wiki unabadilisha balbu, labda umekuwa ukiuziwa size sio yako.

Ukiwa na ile mita ndogo ya digito, pima betri pia. Injini ikiwa imezimwa, betri fiti ya 12 inasoma kama 12.6, na mfumo wa 24 unasoma kama 25.2. Ukiwasha injini, 12 inapanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, na 24 inapanda hadi karibu 28. Kama haipandi, alternata ama mkanda wake uko na shida, na hapo taa zote zitakuchezea, sio indiketa pekee.

Ile tikitiki ya mbio inakuambia kitu

Safari ya moto iko hivi: kutoka betri, inapita kwa fyuzi, inaenda kwa swichi ya ufunguo, alafu flasha, alafu ile swichi ya usukani yenye unasukuma kushoto ama kulia, ndio ifike kwa balbu. Ikitoka kwa balbu lazima irudi kwa betri. Inarudi kwa njia ya bodi na chasisi. Hiyo njia ya kurudi ndio mafundi wanaita athi. Shika hilo neno, tutalirudia.

Kazi ya flasha ni kukata na kurudisha moto. Sheria za kimataifa zinataka indiketa iblinki kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Flasha nyingi za elektroniki huhisi mzigo. Balbu moja ikikufa, mzigo unapungua na flasha inakimbia. Kwa hivyo yule dere wa Canter alikuwa anaambiwa na gari yake, "boss, balbu moja imeenda," na hakusikia. Zile flasha za zamani sana za kupata joto hufanya kinyume: balbu ikikufa zinablinki pole pole, ama zinawaka tu bila kuzima.

Ndio maana pia ukiweka balbu za LED za kupiga luku, indiketa inaanza kukimbia. Hakuna kitu imeharibika. LED inakula moto kidogo sana, flasha inadhani balbu imekufa. Dawa ni flasha ya LED, ama urudi kwa balbu za kawaida.

Testi ya bure: piga hazadi

Hii haikugharimu hata ashu. Piga hazadi, alafu zunguka gari yote.

Kama hazadi zinawaka zote fiti lakini indiketa ya kushoto na ya kulia hazifanyi, basi balbu ziko sawa, waya za kwenda nyuma ziko sawa, na kwa gari nyingi flasha iko sawa pia kwa sababu ni moja inafanya kazi zote mbili. Usinunue flasha. Shida iko kwa fyuzi ya indiketa, kwa swichi ya usukani, ama kwa swichi ya hazadi yenyewe, kwa sababu kwa gari nyingi moto wa indiketa unapitia ndani yake. Bonyeza hiyo ya hazadi mara kadhaa. Wakati mwingine ni vumbi tu imekaa ndani.

Kama hakuna kitu inawaka, si hazadi si indiketa, shuku fyuzi na flasha.

Kama upande mmoja ndio unasumbua, ama kona moja tu ya gari, wachana na dashi. Enda moja kwa moja kwa hiyo taa. Na hapo ndipo utakutana na mkosaji mkubwa.

Athi, mwizi wa Kakamega

Hii side yetu inanyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ongeza matope ya murram, ongeza lori za miwa zenye hurukaruka kwa barabara za mashamba zikipelekea viwanda kule Malava. Ile sehemu athi imefungwa kwa chasisi na nati moja inashika kutu. Waya ya kopa nayo inaota ile kitu ya kijani. Moto unafika kwa balbu poa kabisa, lakini njia ya kurudi nyumbani imefungwa.

Moto ukifungiwa njia hutafuta njia ya panya, kama mathree zikiona karao mbele. Unapitia ndani ya balbu ingine. Ndio maana unaona vituko: ukipiga indiketa, taa ya paki inablinki nayo. Ukikanyaga breki, indiketa inawaka kidogo. Ukiwasha taa za usiku, indiketa inakufa. Ukiona taa zinasaidiana kazi hivyo, usiite mganga. Shuku athi kwanza.

Kuishika ni rahisi. Chukua waya ndefu, upande mmoja ufunge kwa minas ya betri. Piga indiketa, alafu gusa upande ule mwingine kwa chuma ya nje ya taa yenye inasumbua. Kaa mbali na waya ya moto, usije ukapiga shoti. Taa ikiamka ghafla, umeshamshika mwizi.

Ukiwa na mita, weka kwa volti za DC. Waya nyeusi kwa minas ya betri, nyekundu kwa chuma ya soketi ya balbu, indiketa ikiwa imepigwa. Balbu inafaa kuwa inapata moto, kwa hivyo angalia wakati mshale umewaka. Ikisoma chini ya 0.2, athi iko fiti. Ikipita nusu volti, hapo kuna ngori.

Kurekebisha: toa ile nati, sugua chuma na msasa hadi ing'ae, sugua na kichwa cha waya, kaza vizuri, alafu paka grisi juu ili maji isiingie. Ndani ya soketi pia sugua. Ni kazi ya dakika 20 na msasa wa pesa kidogo.

Ujanja wenye utakuchomea gari

Sasa sikiza vizuri. Fyuzi ikiungua, iko na sababu. Kuna watu huweka karatasi ya fegi, wengine huweka waya nene, wengine msumari. Manze, usijaribu. Kazi ya fyuzi ni kukufa mapema ndio waya isiwake moto. Ukiizuia kukufa, waya ndio itawaka, na inapitia karibu na dizeli na chini ya kiti chako. Weka fyuzi ya namba ile ile. Ikiungua tena, tafuta mahali waya imechubuka ikigusa chasisi, sana sana pale inapinda na pale boksi ya nyuma inatingika.

Kuunganisha waya kwa kuzipinda alafu kufunga na karatasi ya nailoni pia ni kujidanganya. Maji itaingia. Ambia fundi apige soda, ama atumie kiunganishi cha kubana, alafu afunike vizuri.

Na wewe mwenye umeweka redio ya volti 12 kwa lori ya 24 kwa kuvuta moto kwa betri moja: ndio maana betri zako hazikai. Hiyo moja inakamuliwa, ile ingine inajazwa kupita kiasi, na baada ya miezi zote mbili zimeisha. Weka konveta ya kushusha 24 hadi 12. Ngoma itapiga, na gari itawaka asubuhi.

Usitafute shida ya mvua wakati wa jua

Kosa ingine ni kupeleka gari kwa fundi siku kavu. Kila kitu inawaka, fundi anakuambia iko sawa, unalipa, unaenda. Mwagilia taa za nyuma maji kidogo kabla mpime. Piga indiketa, alafu msee mmoja atingize waya pole pole kutoka nyuma akikuja mbele. Pale taa itakata, hapo ndipo shida iko.

Lori za biashara lazima zipite inspection ya NTSA kila mwaka, na huko taa zinaangaliwa. Lakini hiyo ni siku moja kwa mwaka. Hizo zingine zote, mwenye anakagua indiketa yako ni yule msee wa boda nyuma yako, na yeye hana mita. Ana macho tu.

Kwa hivyo kesho asubuhi kabla utoke, piga hazadi, shuka, zunguka gari mara moja. Balbu moja haifiki bei ya lunch ya kibanda.