Mwanafunzi wa Geto na Pengo la Katikati ya Vipindi

Chukua mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyepanga chumba Mbezi. Jumanne ana kipindi saa moja asubuhi na kingine saa kumi jioni. Ili awahi cha kwanza, anatoka hapajapambazuka, maana foleni ya Barabara ya Morogoro haimsubiri mtu. Saa tatu kipindi kimekwisha. Akirudi geto, ni nauli ya kwenda na kurudi juu ya ile aliyokwisha kulipa. Akibaki chuoni Mlimani, ana saa saba za kutafuta pa kukaa, begi likiwa mgongoni: kompyuta, madaftari, mwavuli, na chakula alichopika jana usiku. Jioni wenzake wa hosteli wanapojikusanya kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya nje, kwa ajili ya diskasheni, yeye anawahi daladala.

Anayemtazama kwa mbali huona kijana asiyejituma: haonekani kwenye makundi ya kujisomea, hajiungi na klabu, vikao vya jioni havimjui. Sisi tunaoshughulika na ushauri wa wanafunzi tumeyasikia sana malalamiko hayo, na mara nyingi yanamkosea mhusika. Alichokosa si bidii. Siku ya chuo imepangwa kana kwamba kila mtu analala hatua chache kutoka darasani, naye halali hapo.

Zamani dhana hiyo ilikuwa na ukweli. Chuo kilipoanza mwaka 1961 pale Mtaa wa Lumumba, na hata kilipohamia Mlimani mwaka 1964, wanafunzi walikuwa wachache na bweni lilikuwa sehemu ya masomo. Udahili ulipopanda, vitanda havikupanda nao. Ndipo likazaliwa neno "kubebana": mwenye chumba anamkaribisha asiyenacho, wawili wanagawana kitanda cha mtu mmoja. Mwaka 2017 hosteli za Magufuli zilifunguliwa, majengo 20 yenye nafasi 3,840. Zilipunguza makali, lakini bado wako wengi wanaopanga Changanyikeni, Msewe, Makongo, Sinza na Ubungo, na wengine mbali zaidi.

Anayepanga mbali hakuchagua umbali kwa kupenda. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, huingia kwa awamu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Vyumba vya jirani na chuo vina bei yake. Kwa hiyo mwenye mfuko mwembamba husukumwa mbali, na huko mbali hutozwa tena, safari hii kwa nauli na usingizi. Na nauli hiyo ni ya mtu mzima, kwa sababu punguzo la daladala linamhusu mwanafunzi wa shule.

Wataalamu wa elimu ya juu wameandika kuhusu jambo hili kwa miaka mingi. Mmarekani Arthur Chickering alilinganisha wanafunzi wa bweni na wa kutwa katika kitabu chake cha mwaka 1974, akaona wa kutwa wanaachwa nyuma. Aliona pia kwamba wengi wao walianza chuo wakiwa na uwezo mdogo wa kifedha kuliko wenzao. Ukilisahau hilo, utadhani kitanda peke yake ni dawa. Mwaka 1984 Alexander Astin alieleza kuwa mwanafunzi huvuna kadiri ya nguvu za mwili na akili anazowekeza katika maisha ya chuo, na kwamba muda wake ndiyo mali adimu kuliko zote. Miaka mitano baadaye Nancy Schlossberg akaongeza jambo la moyoni: mtu hushikamana na mahali anapohisi kwamba wapo wanaomwona, wanaomjali na wanaomtegemea.

Ukiziweka hoja hizo pamoja, utaona mahali pa kuanzia kazi. Hatuwezi kumfupishia mwanafunzi barabara. Tunachoweza kushika ni zile saa za katikati ya vipindi, ambazo kwa sasa zinapotea bure.

La kwanza ni ratiba. Kipindi cha saa moja asubuhi na cha saa kumi jioni, siku moja, kwa darasa lilelile, vinaharibu siku nzima. Vikisogezwa vikakaribiana, au kimoja kikahamia siku ambayo darasa linakuja chuoni hata hivyo, mwanafunzi anaokoa saa nyingi. Kuna dogo zaidi: kuahirisha kipindi. Ujumbe wa saa kumi na mbili asubuhi kwenye kundi la WhatsApp humkuta mwenye hosteli kitandani, akajifunika tena. Wa Mbezi humkuta amesimama ndani ya daladala na nauli imeshalipwa. Mwalimu akitangaza usiku wa kuamkia siku hiyo, amemsaidia bila kutumia shilingi.

La pili ni mahali. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyozinduliwa mwaka 2018, inaweza kuhudumia watu 2,100 kwa wakati mmoja, lakini maktaba si mahali pa kula, kusinzia nusu saa au kubishana kwa sauti. Vimbweta ni vizuri mpaka mvua za masika zianze. Mwanafunzi wa kutwa anahitaji kabati lenye kufuli la kuacha begi, soketi ya kuchajia simu, pa kupashia chakula moto, na chumba chenye paa ambamo hafukuzwi. Darasa moja lisilo na kipindi mchana, likiandikwa mlangoni kwamba ni lao, linatosha kwa kuanzia.

La tatu ni diskasheni. Walimu wengi hugawa makundi ya kazi kwa mfuatano wa majina, kisha makundi hukutana saa mbili usiku. Wagawe kwa saa za nafasi, na wanaotoka njia moja wakae pamoja: wa Kimara na Mbezi wanaweza kumaliza kazi saa sita mchana, kisha jioni wakasafiri kundi moja. Kwa wasichana wanaoshuka kituoni giza limeshaingia, hilo ni suala la usalama kabla ya kuwa la taaluma.

La nne ni mtu wa kukujua. Anayeugua hosteli atagongewa mlango na jirani wa chumba. Anayeugua geto anaweza kulala siku tatu bila mtu wa chuo kujua, na wapangaji wenzake wakadhani yuko likizo. Kiongozi wa darasa akiwa na orodha ya nani anaishi mtaa gani, na kila mtaa ukawa na mmoja wa kuulizia, pengo hilo linazibika. Serikali ya wanafunzi nayo ingeandaa mfano wa mkataba wa upangaji, maana wengi hulipa kodi ya miezi sita kwa neno la mdomo.

Nawe unayepanga, usiziache saa saba zikupite. Chagua kazi moja ya chuo isiyorudi nawe geto, uimalize kabla ya saa kumi.

Kwa mwalimu nina ombi moja la wiki ya kwanza ya muhula. Karatasi ya mahudhurio ina jina na namba ya usajili. Ongeza safu ya tatu: dakika ngapi kutoka mlangoni kwako hadi hapa? Ukishaisoma safu hiyo, utafikiri mara mbili kabla ya kumwandika mtu kuwa mvivu.