Kijiji salama kilichoogopa maneno

Riwaya nyingi zinazobuni jamii mbaya za siku za usoni hututisha kwa mambo ambayo tumekwisha kuyajua: askari mlangoni, foleni ya chakula, picha ya mtawala katika kila ukuta. Riwaya ya The Giver, ambayo Mmarekani Lois Lowry aliichapisha mwaka 1993 kwa ajili ya vijana, haina hata kimoja cha hivyo. Humo hamna njaa, hamna vita, hamna mwizi wala asiye na kazi. Wakazi wake ni watu wapole, na kuombana radhi ni desturi yao ya kila saa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, inatisha kuliko nyingi za jamii yake, na wanaopaswa kutishika kwanza ni sisi tunaofundisha lugha.

Kwa msomaji ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Jonas ni mvulana anayekaribia kutimiza umri wa miaka 12 katika jumuiya ambayo imeondoa kila kitu kiwezacho kumdhuru mtu. Vilima vimesawazishwa kwa sababu vilichelewesha usafiri. Theluji imekomeshwa kwa sababu ilizuia mazao. Rangi zenyewe zimetoweka, na watu hawajui kwamba waliwahi kuwa nazo. Wanyama nao hawapo: Lily, mdogo wake Jonas, ana kikaragosi cha tembo cha kulala nacho, lakini kwake tembo ni kiumbe wa kubuniwa tu. Watoto wadogo huvishwa koti lenye vifungo mgongoni ili kila mmoja amhitaji mwenzake wa kumfunga. Mwenzi wa ndoa huchaguliwa na kamati. Watoto, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, huombwa na kutolewa. Kazi hupangwa na Wazee mtoto akifika miaka 12. Hakuna achaguaye, maana achaguaye aweza kukosea, na kukosea si salama.

Katika sherehe ya kugawa kazi, Jonas anateuliwa kuwa Mpokeaji wa Kumbukumbu. Yaani kuna mzee mmoja tu aliyebeba kumbukumbu zote za wanadamu wa kale, za raha na za maumivu, ili wengine wote waishi bila kuzihisi. Jonas ndiye atakayemrithi. Mzee anapoanza kumpa kumbukumbu hizo, ndipo anapoitwa kwa jina lililobeba anwani ya kitabu. Mara nyingi nimejaribu kulitafsiri jina hilo na kila mara nimeishia kwenye “Mpaji”, kisha nikasita, kwa kuwa Mswahili akisikia neno hilo hukumbuka kwamba Mpaji ni Mungu. Labda si vibaya asikie hivyo.

Sasa nije kwenye lugha, ambayo ndiyo iliyonivuta. Jumuiya hii hailindwi kwa bunduki. Inalindwa kwa kusahihisha maneno. Asher, rafiki yake Jonas, alipokuwa na umri wa miaka mitatu alichanganya neno la Kiingereza la kumbwe ya mchana na neno lenye maana ya kuchapa. Mfano wetu ungekuwa mtoto anayetaka kofia akaitisha kofi. Basi kila alipoitisha kofi, alipewa kofi, kwa kijiti cha adabu wanachokitumia walezi. Alichapwa hadi miguu ikaachwa na alama, na kwa muda mtoto huyo akaacha kusema kabisa. Kisa hiki kinasimuliwa hadharani na Mzee Mkuu, kwa ucheshi, na umati unacheka. Asher mwenyewe anacheka.

Sioni haja ya kumkumbusha mwalimu wa Kenya kwamba viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Wala sihitaji kueleza kwa kirefu habari aliyoiandika Ngũgĩ wa Thiong'o katika Decolonising the Mind (1986), ya wanafunzi waliofumaniwa wakisema Kikikuyu na kuchapwa au kuvishwa kibao cha aibu shingoni. Ninachosema ni kwamba kichekesho cha Asher si kigeni kwetu kama mandhari yake.

Jonas naye, alipokuwa na miaka minne, alisema kabla ya chakula cha mchana kwamba anakufa njaa. Akatengwa kando, akafundishwa. Hafi njaa, anahisi njaa tu. Hakuna aliyewahi kufa njaa katika jumuiya, wala hatakuwapo. Kusema hivyo ni kusema uongo, hata kama hakukusudia. Mwalimu aliyemsahihisha hakukosea kisarufi. Lakini tazama alichokifanya: amemwondolea mtoto neno, na pamoja na neno ameondoa uwezekano wa kuwaza kwamba kuna mtu popote aliyewahi kufa njaa.

Kilele chake ni pale Jonas, baada ya kupewa kumbukumbu ya familia iliyokusanyika na babu na bibi wakati wa Krismasi, anaporudi nyumbani na kuwauliza wazazi wake kama wanampenda. Baba anacheka. Mama anamweleza kwa subira kwamba neno hilo ni la jumla mno, halina maana, na limekaribia kufa; afadhali aulize kama wanafurahia kuwa naye, au kama wanajivunia mafanikio yake. Nilipofika hapo nilijiuliza mama huyo angesemaje angezaliwa Lamu, akakabidhiwa upendo, mapenzi, mahaba, huba na ashiki, ayafute yote kabla ya chakula cha jioni.

Yapo pia maneno yaliyobakishwa, nayo ni mabaya kuliko yaliyofutwa. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba tasfida ni kutumia neno la staha mahali pa neno kali. Katika kijiji cha Jonas, mzee sana, mtoto mchanga asiyekua vizuri, au mkosaji wa mara ya tatu “huachiliwa”. Huenda wapi? Nje, huko kwingine. Mwanzoni mwa riwaya rubani mwanafunzi aliyepotea njia anatangazwa kwenye vipaza sauti kwamba ataachiliwa, na msomaji hupita haraka. Hatimaye Jonas anaonyeshwa kanda ya video ya baba yake akiwa kazini. Baba huyo ni mlezi wa watoto wachanga, mtu mwema kweli, aliyeleta kichanga kiitwacho Gabriel nyumbani ili kikipate usingizi. Wamezaliwa pacha wanaofanana, na jumuiya haitaki watu wawili wa sura moja. Baba anawapima. Aliye mwepesi anachomwa sindano kwenye mshipa wa paji la uso, na baba akimsemesha kwa sauti ile ile ya upole anayoitumia nyumbani. Kisha anamtia mtoto ndani ya boksi, anamsukuma kwenye tundu la taka, na kumpungia mkono wa kwaheri.

Katika chama cha wasomaji ninachokilea, kinachokutana siku za Ijumaa baada ya masomo, tulibishana juu ya kitabu hiki kwa majuma matatu. Nilitarajia kila mmoja aikatae jumuiya ya Jonas. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwao mvua ilikosekana misimu kadhaa mfululizo, alisema bila kusita kwamba yeye angehamia huko kesho. Rangi za nini, akauliza, kama ndugu zake wanakula? Wenzake walimzomea. Mimi sikumzomea, na sidhani kwamba anayeishi kwa kushiba ana haki ya kumzomea.

Jibu lake, ikiwa lipo, limo katika kitabu chenyewe, na limepitwa na wasomaji wengi. Mpaji anasimulia kwamba zamani raia waliomba kiwango cha uzazi kiongezwe ili wapatikane vibarua zaidi. Wazee wakaja kumwomba ushauri. Kumbukumbu iliyomjia kwa nguvu ilikuwa ya njaa, ya vizazi vingi vilivyopita, watu walipozidi chakula, kisha vita vikafuata. Akawashauri wasikubali, nao wakamtii. Hawakutaka kusikia habari ya maumivu hayo. Walitaka ushauri tu. Kwa hiyo shibe ya kijiji hicho imesimama juu ya mtu mmoja anayejua njaa ni nini. Msichana yule, katika darasa letu, ndiye aliyekuwa na ujuzi huo kuliko sote, nami nilimwambia hivyo.

Lowry alizaliwa Honolulu mwaka 1937, binti wa afisa wa jeshi. Katika hotuba yake ya kupokea Nishani ya Newbery mwaka 1994, alieleza jinsi familia yake ilivyoishi Tokyo alipokuwa na umri wa miaka 11, ndani ya mtaa wa Wamarekani uliozungushiwa ukuta, wenye shule, kanisa, maktaba na sinema zake. Alikuwa akitoka kwa baiskeli kupitia lango, akaenda kutembea Shibuya katikati ya watu na harufu na kelele asizozizoea. Miaka mingi baadaye alimuuliza mama yake kwa nini waliishi mle. Mama alijibu kwamba palikuwa na starehe, palizoeleka, palikuwa salama. Nadhani riwaya nzima imo katika jibu hilo la mama mwema. (Na mzee mwenye ndevu aliye kwenye jalada la kwanza ni mchoraji Carl Nelson, aliyepigwa picha na Lowry mwenyewe. Bwana huyo aliyezijua rangi kuliko wengi alikuja kupofuka.)

Katika miaka ya 1990 kitabu hiki kilikuwa miongoni mwa vile vilivyolalamikiwa zaidi katika shule na maktaba za Marekani. Wazazi walitaka kiondolewe kwa ajili ya usalama wa watoto wao, hasa kwa sababu ya kifo cha yule kichanga. Ni rahisi kuwacheka, kwa kuwa wanafanya kile kile ambacho kitabu kinakilaumu. Lakini mzazi hana kosa la kuogopa. Mimi nisingekiweka mbele ya mtoto wa miaka tisa. Ningekiweka mbele ya wa miaka 14, tena mwalimu awepo, maana huyo amekwisha kusikia mengi na hana mahali pa kuyasemea.

Mojawapo ya kanuni anazopewa Jonas anapoanza kazi inasema kwamba anaruhusiwa kusema uongo. Jambo hilo linamshtua kuliko yote. Anawaza: je, ikiwa na wengine walipewa kanuni hiyo hiyo? Anaweza kuwauliza. Hatajua kama jibu ni la kweli.

Mwishoni Jonas anamchukua Gabriel na kukimbia, na kumbukumbu alizozibeba zinawarudia watu wa kijijini. Mpaji anabaki ili awasaidie kuzistahimili. Wanachama wangu walitaka kujua kama Jonas alikufa kwenye theluji. Niliwaelekeza kwa Messenger ya 2004 na Son ya 2012, wasome wenyewe. Lakini msichana yule wa kidato cha tatu hakuuliza habari za Jonas. Aliuliza juu ya baba. Asubuhi ile kumbukumbu zitakapomfikia, akajua alichokuwa akikifanya kazini miaka yote hiyo, atautazamaje mkono wake?